Nyumba ya Bibi Iguguno: Jua, Mawingu na Kibla

Tulifika Iguguno alasiri ya siku ya nne baada ya Idi, na mvua ilikuwa imetutangulia. Basi lilitushusha kando ya barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega, tukiwa na mabegi yetu, furushi la tende zilizobaki Ramadhani, na nazi kumi za kumpikia bibi wali. Mawingu ya rangi ya majivu yalikuwa yametanda chini, yamefunika vichwa vya majabali yaliyotapakaa huku na huko kama ng'ombe waliolala. Anayeijua Singida kwa habari za upepo, alizeti na ukame hutarajia mbingu kavu na vumbi. Sisi tulikanyaga matope tangu hatua ya kwanza.

Iguguno ni kata katika Wilaya ya Mkalama, wilaya iliyomegwa kutoka Iramba mwaka 2012, ambayo makao yake makuu ni Nduguti. Wenyeji wake wengi ni Wanyiramba, jirani na ndugu zao Wanyaturu, watu wa mtama, uwele, mahindi na alizeti, na watu wa mifugo. Mvua ya huku huja msimu mmoja tu kwa mwaka, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na jumla yake ni kati ya milimita 500 na 800. Baada ya hapo mbingu hufunguka, nyasi hukauka, na kuanzia Juni huvuma upepo wa mashariki na kusini-mashariki ambao wazee wanaujua kwa jinsi unavyopenya mifupa. Babu yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alizaliwa, aliishi na kuzikwa hapa. Bibi bado yupo. Umri wake hatuujui kwa yakini, ila yeye husema alikuwa msichana mkubwa bendera ya Uhuru ilipopandishwa.

Safari yetu haikuwa ya matembezi. Tulikwenda kuamua jambo, na jambo lenyewe lilikuwa limeanza kuwatia watu baridi ya moyo.

Ramani kutoka Leicester

Kaka yetu mkubwa anaishi Leicester, Uingereza, kwa miaka mingi sasa. Mwaka uliopita tulipokubaliana kumjengea bibi nyumba mpya, yeye alitoa mchango uliozidi michango yetu sote. Pamoja na fedha alituma ramani. Haikuwa ramani ya kubahatisha. Alikuwa ameishi miaka yote hiyo katika nchi ya mawingu, akilipa gharama kubwa za kupasha nyumba joto, na alikuwa amesoma na kujifunza namna wenzetu wanavyojenga nyumba zinazotumia nishati kidogo. Alitaka bibi apate nyumba ya namna hiyo: sebule yenye dirisha pana la kioo linalotazama kusini, paa lisilo na upenu ili jua lisizuiwe, na kuta za matofali ya kuchoma. "Nyumba itakayojipasha joto yenyewe," alituandikia. Nia yake ilikuwa njema, na wala hatukuwa na sababu ya kuitilia shaka.

Fundi alikwisha kupima kiwanja. Msingi ulikuwa uanze kuchimbwa Jumatatu. Lakini mahali ilipochorwa sebule pamesimama mkwaju alioupanda babu kabla baba zetu hawajaoa. Ilikusudiwa ukatwe, na magogo yake yaingizwe katika tanuri la kuchomea matofali, pamoja na miti mingine miwili ya ukingoni mwa shamba.

Bibi aliambiwa yote haya akasikiliza mpaka mwisho. Hakukubali wala hakukataa. Alinyanyuka akaenda kuwatazama kuku wake. Baba mdogo, anayeishi naye, ndiye aliyetupigia simu usiku ule: "Wanangu, njooni. Mama amenyamaza, na mimi ninamjua mama akinyamaza."

Usiku wa tembe na mchana wa bati

Bibi bado analala katika tembe. Kwa msomaji asiyeijua nyumba hii, tembe ni nyumba ndefu ya mstatili, fupi kwa kimo, yenye kuta nene za miti na udongo, na paa lake ni bapa: boriti, fito, nyasi, kisha tabaka zito la udongo. Wagogo, Wanyaturu, Wanyiramba na Wasandawe wote wameijenga kwa namna zao. Mara nyingi hujengwa kuzunguka ua, na mifugo hulala ndani ya uzio uleule pamoja na wenyewe. Katika miaka ya 1970, watu walipohamishiwa katika vijiji na kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ikihimiza usafi wa nyumba na vyoo, tembe lilianza kuhesabiwa kuwa alama ya unyonge. Bati likawa alama ya maendeleo. Leo matembe yaliyobaki ni machache, na mengi wanakaa wazee.

Tuligawana malazi. Wanawake na watoto wadogo walilala kwa bibi, wengine tukalala katika nyumba ya baba mdogo, ya matofali na bati. Usiku mvua ikashuka. Chini ya bati hatukusikizana. Tulipoamka kwa Alfajiri, aliyetangulia kuwa imamu ilimbidi apaze sauti kama anayeita mtu ng'ambo ya mto. Kulipokucha mawingu yakapasuka, jua likatoka kwa nguvu ya siku iliyooshwa, na ilipofika saa nane mchana watoto wote walikuwa wameikimbia nyumba ya bati, jasho linawatiririka. Tuliwakuta wamelala kwenye sakafu ya tembe, wametulia, kama walio chini ya mti.

Siri ya jambo hili si ngumu. Udongo mnene hupokea joto polepole na huliachia polepole. Joto la mchana huchukua saa nyingi kulivuka ukuta wa sentimita 40, na linapofika ndani usiku umekwisha kuingia, nalo huwa ni neema. Bati halina subira hiyo. Jua likiwaka, nalo linawaka. Jua likizama, linapoa kabla ya udongo kuanza kupoa. Baba mdogo alituongezea jambo ambalo hatukuwahi kulifikiria: kwamba usiku wa baridi kali wa Juni na Julai ni usiku usio na wingu. "Wingu ni shuka," alisema. Mbingu ikiwa wazi, joto la ardhi hupanda na kupotea; wingu likitanda, hulirudisha. Ndiyo maana usiku ule wa mvua, pamoja na unyevu wake wote, hatukuhitaji blanketi la pili.

Hata hivyo hatukwenda Iguguno kulisifu tembe. Usiku uleule bibi aliamka mara mbili kuweka sufuria chini ya mahali panapovuja. Ndani ni giza, na mtu mrefu huingia ameinama. Mchwa wamezila boriti mbili. Udongo wa sakafu na wa kuta hizi ni makazi ya papasi, wadudu waletao homa inayorudiarudia, na wazee wa Kanda ya Kati wanaijua homa hiyo kwa jina la wadudu hao. Wala tusidanganyane kuwa tembe halili miti. Paa zito la udongo hudai boriti nyingi na nene. Bibi alistahili nyumba mpya. Swali lilikuwa ni nyumba ipi.

Msala wa babu

Siku ya pili, kabla ya Adhuhuri, bibi alitukuta tumesimama uani tumeikunjua ramani juu ya kinu, tunabishana. Akauliza dirisha kubwa linatazama wapi. Tukamwonyesha kusini. Akasema, "Babu yenu nyumba hii aliipima kwa msala."

Tulidhani ni maneno ya uzee, lakini alieleza. Babu alipotaka kujenga alitandika msala wake chini kuelekea Kibla, akasali rakaa mbili za kumwomba Mola wake uongofu, kisha akanyoosha kamba kwa kufuata ubavu wa mbele wa msala. Ukuta mrefu wa nyumba ukafuata kamba ile. Kwa hiyo nyumba nzima imekaa kama safu ya watu walio katika sala.

Hapo ndipo tulipoanza kuelewa. Kibla cha Iguguno ni kaskazini, kikiinamia mashariki kidogo, kwa sababu Makka iko karibu moja kwa moja juu yetu katika ramani ya dunia. Nyumba ambayo ubavu wake mrefu unaelekea Kibla, huku kwetu, hupeleka ncha zake fupi mashariki na magharibi. Na hilo ndilo hasa ambalo jua la nchi hii linalidai.

Iguguno iko kati ya digrii nne na tano kusini ya Ikweta. Saa sita mchana jua hupita karibu na utosi mwaka mzima: mwezi Juni likiwa upande wa kaskazini, mwezi Desemba upande wa kusini. Jua lililo juu ni rahisi kulizuia, kwani upenu wa paa unatosha. Jua linaloumiza nyumba ni lile la asubuhi na la alasiri, linalokuja chini chini na kuupiga ukuta wa mashariki na wa magharibi usoni, na hakuna upenu unaoweza kulizuia. Ukuta wa upande huo ukiwa mfupi na usiwe na madirisha makubwa, nyumba imeokoka nusu ya taabu yake.

Tukalitazama tena dirisha la kaka. Leicester iko mbali sana kaskazini ya dunia. Huko jua la adhuhuri huwa kusini mwaka mzima, na wakati wa baridi hupita chini sana, kwa hiyo kioo cha kusini hulikaribisha ndani kama mgeni wa heshima. Mwenye kujenga Leicester akifungua kusini, amepatia. Lakini Iguguno msimu wa baridi ni Juni na Julai, na wakati huo jua liko kaskazini. Upande wa kusini hupata nini? Hupata upepo wa kusini-mashariki. Jua huhamia kusini mwezi Desemba na Januari, wakati ambao hakuna anayelihitaji. Dirisha lile lingempatia bibi baridi wakati wa baridi na joto wakati wa joto. Hesabu ya kaka haikuwa na kosa. Ilikuwa hesabu ya mji mwingine.

Watu wa nchi za mawingu

Tunapenda wasomaji wetu wasidhani kuwa elimu ya wenzetu haina faida kwetu. Ina faida kubwa, ila mtu achukue kanuni, asichukue umbo.

Tazama Bukoba, ambako mvua hufikia kiasi cha milimita 2,000 kwa mwaka na mawingu ni jirani wa kila siku. Wahaya wa zamani hawakujenga tembe. Paa la udongo lingeyeyuka kabla ya kumaliza masika moja. Walijenga msonge, nyumba ya mviringo ambayo paa lake nene la nyasi hushuka hadi karibu na ardhi. Maji huteleza yasipate pa kutua, na unene wa nyasi huhifadhi ndani joto la moto mdogo na la miili ya watu. Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro nao walijenga nyumba za mviringo zilizovikwa nyasi au majani ya migomba, mifugo ikichangia joto lake ndani.

Sasa nenda Darmstadt, Ujerumani. Mwaka 1991 familia nne zilihamia katika nyumba zilizoungana, zilizobuniwa ili kutumia nishati kidogo sana ya kupasha joto, pungufu ya ile ya nyumba za kawaida kwa takriban sehemu tisa katika kumi. Nchi ile ina mawingu mengi wakati wa baridi, kwa hiyo wabunifu wake hawakulitegemea jua peke yake. Walizivika kuta na mapaa nguo nene ya kuzuia joto lisitoke, wakaweka madirisha ya vioo vya tabaka tatu, wakaziba kila ufa, na wakaweka mtambo unaoingiza hewa safi huku ukiipasha kwa joto la hewa inayotoka. Mafundi wa Darmstadt na wajenzi wa msonge hawakuwahi kukutana, lakini walifuata kanuni moja: palipo na mawingu, usilikimbize jua, linda joto ulilonalo.

Ndugu zetu wa pwani nao wana kanuni yao. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu, miji iliyoingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 na 2001, zilijengwa kuzuia jua. Ua wa ndani uliwapa wenye nyumba hewa, mwanga na stara kwa pamoja. Katika hilo tembe la bibi na jumba la Lamu wanaelewana. Dirisha linalotazama ua laweza kuwa kubwa bila ya mpita njia kuona ndani, na mama wa nyumba akakaa kwenye upepo wake bila ya kujifunika.

Basi Bukoba hulinda ukavu, Leicester hulinda joto, Iguguno hulinda usawa wa mchana na usiku. Mwenyezi Mungu ametukumbusha katika Suratun-Nahl kwamba nyumba zetu amezifanya kuwa mahali pa utulivu. Utulivu huo una sura yake kila nchi.

Moto ulio chini ya chungu

Kuna jambo ambalo ramani haikuligusa kabisa, nalo ni jiko. Tukizungumza juu ya nyumba inayookoa nishati, Watanzania wengi huwaza taa. Lakini katika nyumba nyingi za nchi hii nishati kubwa zaidi inatumika chini ya chungu, kwa kuni na mkaa. Ndiyo maana Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, umelenga kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati hiyo ifikapo mwaka 2034.

Bibi anapika kwa mafiga matatu, ndani, penye moshi usio na pa kutokea. Anakohoa. Sote tumekua tukikisikia kikohozi kile mpaka tukakichukulia kuwa ni sehemu ya sauti yake. Ilikuwa mke wa mmoja wetu, aliyelala tembeni usiku ule, aliyesema wazi: "Mnabishana juu ya dirisha, na anayeumia anaumia jikoni." Tulinyamaza, kwa kuwa ilikuwa kweli.

Kwa hiyo jiko likawa jambo la kwanza katika orodha mpya. Litatenganishwa na vyumba vya kulala na kuwekwa ncha ya magharibi, kwa kuwa upepo hutoka mashariki na utauchukua moshi kuupeleka mbali na nyumba. Litajengwa jiko banifu la udongo lenye bomba la moshi, na mtungi mdogo wa gesi kwa chai na kwa siku ambazo kuni zimelowa. Tena wanawake wakatengeneza, kwa kapu kuukuu na vitambaa, kifaa ambacho bibi alikipenda kuliko vyote: maharage yakichemka vizuri huepuliwa, sufuria ikafunikwa na kuzikwa ndani ya kapu lililosheheni vitambaa na nyasi kavu, na yakaendelea kuiva kwa joto lake. Alisema Ramadhani ijayo, Mwenyezi Mungu akimfikisha, atapika futari mapema asali Alasiri yake kwa utulivu.

Kikao

Usiku wa tatu tulikaa kikao. Baba mdogo, fundi, bibi, sisi wajukuu, na kaka kwa simu iliyowekwa juu ya mkeka. Mambo hayakwenda kwa urahisi.

Mtoto wa baba mdogo, kijana wa miaka ishirini na kidogo, alisema lililokuwa moyoni mwa wengi: "Watu watasema wajukuu wa mjini wamemjengea bibi nyumba ya udongo." Tusiidharau kauli hii. Nyumba ni heshima, na aibu ya kijijini si jambo dogo. Fundi ndiye aliyemjibu. Alisema kuta za matofali mabichi, yaliyokaushwa kwa jua bila ya kuchomwa, zikisimama juu ya msingi wa mawe uliopanda hadi magotini, zikapigwa plasta na kupakwa chokaa, hakuna mpita njia atakayejua zimetengenezwa kwa nini. Mawe Singida hayanunuliwi mbali. Msingi wake utazuia maji yanayoruka kutoka chini na utawachelewesha mchwa. Akataja pia matofali ya kufungamana, ya udongo na saruji kidogo, yanayoshindiliwa kwa mashine bila ya moto, ambayo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi umekuwa ukiyahimiza. Hayo tutayatumia kwenye pembe na kwenye bafu.

Tulikubaliana paa liwe la bati, kwa sababu paa la udongo halivuni maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 60, hata mwaka wa milimita 600 tu, hupokea lita 36,000. Tukitoa zinazopotea, bado zinabaki zaidi ya ndoo elfu moja ambazo hakuna mtoto atakayezibeba kichwani. Bati litakuwa la rangi nyeupe ili lirudishe jua, chini yake dari, na kati ya bati na dari matundu yenye wavu pande zote mbili ili hewa ya moto itoke. Sakafu itakuwa ya saruji, papasi wakose pa kujificha. Upande wa kaskazini upenu wa sentimita 60 na madirisha ya wastani, yanayopokea jua la Juni. Upande wa kusini madirisha madogo ya kupitisha hewa.

Ikaja habari ya umeme wa jua. Kaka aliuliza kama paneli itafanya kazi kwenye mawingu kama yale tuliyomweleza. Hufanya, ila kwa unyonge. Siku ya wingu zito hutoa robo ya kawaida au pungufu ya hapo. Kwa hiyo anayenunua asipime kwa siku ya jua la Agosti, apime kwa juma baya kuliko yote la masika, na betri yake iweze kubeba taa za siku mbili au tatu bila ya kujaa. Kwa bibi, anayehitaji taa nne, redio na kuchaji simu, hesabu hiyo haitishi. Na kiangazi kikifika paneli ifutwe vumbi.

Kaka alisikiliza yote. Tulikuwa tukihofia ataudhika, kwani dirisha lilikuwa fahari yake na fedha nyingi zilikuwa zake. Alipozungumza aliuliza jambo jingine kabisa: "Huo mti mnaousema ni upi?"

"Mkwaju," baba mdogo akajibu.

"Mkwaju wa babu? Ule tuliokuwa tunapanda?"

Kimya kikapita, mpaka tukadhani simu imekatika. Kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba karatasi yake haikuwa na mti. Alikuwa amepewa vipimo vya kiwanja, urefu na upana, akachora. Hakuna aliyemwambia kuwa hapo ndipo uliposimama, naye miaka imepita akasahau. Tukaona kosa lilikuwa letu sote. Tulimpelekea mwenzetu namba, tukamwachia kujenga.

Bibi akasema neno lake la kwanza la kikao. Alisema babu alipoupanda mkwaju ule alimwambia kuwa wao hawatakula matunda yake sana, watakula wengine, na thawabu zitamfuata kaburini. Sote tunalijua fundisho la Mtume wetu (s.a.w.) kuwa mti akila mtu, ndege au mnyama, aliyeupanda huandikiwa sadaka. "Sasa mimi," bibi akasema, "nitaikataje sadaka ya mume wangu nipate kivuli cha bati?"

Nyumba ikasogezwa hatua kumi na nne upande wa mashariki. Mkwaju umebaki magharibi, mahali panapostahili, kwani ndio utakaoizuia ile miale ya alasiri ambayo upenu hauiwezi. Fedha za kioo zimetosha tangi la maji, mifereji ya bati, jiko na paneli.

Kwa familia zinazotaka kujenga

Hatuandiki haya kwa kuwa sisi ni wahandisi. Tunaandika kwa kuwa tulikaribia kutumia fedha nyingi za halali kumjengea mzazi taabu. Wako wengi kama kaka yetu, huko Ulaya, Marekani na Uarabuni, wanaotuma jasho lao nyumbani kwa mapenzi, na wako wengi kama sisi wanaopokea bila ya kusema ukweli wa mahali. Kabla ya kuchora, ulizeni upepo unatoka wapi wakati wa baridi. Ulizeni jua liko upande gani mwezi Juni. Ulizeni mawingu hukaa siku ngapi mfululizo. Tazameni mzee wa mahali hapo alijenga vipi na kwa nini, kisha chukueni hekima yake na muache ugonjwa wake. Israfu si kununua vya bei kubwa tu. Hata kukata mti kwa ajili ya ukuta ambao jua lingeweza kuukausha ni israfu.

Na msimwache mwenye kuishi humo awe wa mwisho kuulizwa.

Jumatatu msingi haukuchimbwa, kwa sababu ya mvua. Jumanne asubuhi mbingu ilikuwa nyeupe, haina jua wala mvua. Fundi alikuja na mambo zake na kamba. Bibi akatoka tembeni ameukunja msala chini ya kwapa, akaenda taratibu mpaka pale palipokubaliwa, akautandika juu ya nyasi zilizolowa. Tulimngoja hadi alipotoa salamu. Alipoinuka hakuukunja. Alimwashiria fundi kwa kidevu, naye akapiga magoti na kuanza kunyoosha kamba.